Mwaka mzima na FRRouting: ruta ipe jina kwanza

Nasimamia mtandao mdogo wa ofisi tatu hapa Morogoro, na tangu mwaka jana ruta zote (mashine zinazoelekeza data kati ya mitandao) ni kompyuta za zamani zenye mfumo wa Debian na FRRouting (kwa kifupi FRR), programu ya bure ya kuigeuza kompyuta kuwa ruta, iliyochipuka kutoka programu ya zamani zaidi iitwayo Quagga. Nimeipenda kwa dhati. Aliyezoea amri za ruta za kampuni ya Cisco hapotei humo ndani. Ila kuna jambo dogo ambalo mafundi wengi tunaliruka, nalo ni kitambulisho cha ruta (router ID), yaani namba ambayo kila ruta hujitambulisha nayo kwa wenzake.

Ruta ya pili niliinakili diski nzima kutoka ya kwanza ili kuokoa muda. Nikabadilisha anwani za IP na jina la mashine, nikaona kazi imekwisha. OSPF, itifaki ambayo ruta hutumia kuambiana njia za mtandao, ikagoma. Ping inapita, waya mzima, lakini "show ip ospf neighbor" haina hata jirani mmoja. Kwa muda wa saa tatu nikahangaika na ukuta wa moto usio na kosa lolote. Kumbe kwenye faili la /etc/frr/frr.conf ruta zote mbili zilikuwa zinajiita 10.255.0.1! Ruta ikipokea salamu yenye kitambulisho chake yenyewe, huidhani ni sauti yake iliyorudi, ikaitupa kimyakimya.

Kitambulisho hicho huandikwa kama anwani ya IPv4, lakini ni namba tu ya biti 32. Usipokiandika, FRR hujichagulia kutoka kwenye anwani za mashine, kwa hiyo ukibadilisha anwani leo, kesho ikiwashwa upya inaweza kuamka na jina jingine. Mimi kila ruta naipa anwani moja ya /32 (yaani anwani moja pekee) kwenye lo, kiolesura cha ndani cha mashine kisichotegemea waya, na hiyo hiyo ndiyo naiandika kuwa kitambulisho. Nikiona 10.255.0.3 kwenye orodha ya majirani, najua ni ofisi ya Kihonda bila kufungua daftari.

Ndani ya vtysh, sehemu ya kuandikia amri za FRR, ni "configure terminal", kisha "router ospf", kisha "ospf router-id 10.255.0.2". Upande wa BGP, itifaki ya kubadilishana njia kati ya mitandao inayojitegemea, ni "router bgp 64513" halafu "bgp router-id 10.255.0.2". Namba ya AS (inayotambulisha mtandao mzima kwenye BGP, kama hiyo 64513) ya matumizi ya ndani ichukue kati ya 64512 na 65534; ya kutokea nje kwenye intaneti, huku Afrika inaombwa AFRINIC, shirika linalogawa namba za intaneti. Tafadhali usijitwalie namba ya mtu.

Kama OSPF tayari ina majirani, kitambulisho kipya hakishiki mpaka utoe "clear ip ospf process". Ifanye usiku, maana majirani wote huanguka na kuunganika upya. Halafu "write memory", na uhakikishe kwa "show ip ospf": kitambulisho kiko mstari wa kwanza kabisa.

Ruta ya nne inafungwa mwezi ujao. Nimeshaandika 10.255.0.4 kwenye karatasi na kuibandika juu ya boksi lake.