Lambo la kuzuia mafuriko kwa makandarasi wa Mombasa: tuta zuri, njia ya maji mbovu

Makandarasi wa mashine wanaohudumia Jomvu, Miritini, Mwakirunge na juu kuelekea Mariakani huuza lambo, yaani bwawa dogo la udongo, kama kazi moja kamili: tingatinga, malori, bomba la kutolea maji na tuta la mita 3 hivi, mteja akiahidiwa kwamba masika yakifika maji ya bondeni hayatagusa nyumba za chini. Kuchimba na kusukuma udongo wanakujua barabara. Tuta hupanda upesi na hunyooka vizuri. Vinavyolegalega ni viwili ambavyo havitokei kwenye picha: ushindiliaji, na njia ya kupitishia maji ya ziada. Tunaipa huduma hii nyota 3 kati ya 5, na hizo ni za mteja atakayesimama pale na futi kamba mkononi. Akiwaachia kazi akaenda zake mjini, ni nyota 1.

Chanzo ni namna ya kulipa. Kazi ikitozwa kwa saa ya mashine, mashine inayolipa ni ile ya kusukuma. Rola na boza la maji ni gharama tu kwa kandarasi, kwa hivyo huletwa siku ya mwisho kupiga pasi juu, kazi ikaonekana imekwisha. Kubalianeni bei kwa mita ya ujazo ya udongo uliokwisha kushindiliwa, na vipimo viandikwe kwenye mkataba. Tuta la kimo cha mita 3, upana wa mita 3 juu, upande wa maji ukilala 3 kwa 1 (mita 3 za mlalo kwa kila mita 1 ya kimo) na upande wa nyuma 2.5 kwa 1, linakula mita za ujazo 33.75 kwa kila mita moja ya urefu pale bonde linapokuwa na kina kamili. Kandarasi akizisimamisha pande zote mbili kwa 1.5 kwa 1, anatumia 22.5. Theluthi nzima ya udongo imetoroka, na ukilitazama kwa mbali ni tuta lilelile.

Udongo wenyewe si wa kuchukua popote. Ukanda wa matumbawe, yaani Nyali, Bamburi na sehemu kubwa ya ufuo, hauna kazi hapa. Jiwe lake lina matundu na maji hupita chini ya tuta bila kubisha hodi. Changamwe hadi Miritini kuna mwamba laini wa tabaka za tope, unaotoa udongo wa kunata lakini unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Mazeras mchanga ni mwingi. Kipimo cha bei rahisi: chukua donge dogo la udongo unaotaka kutumiwa, litumbukize polepole kwenye gilasi ya maji ya mvua, uliache bila kukoroga. Likimomonyoka na kutua chini, maji juu yakabaki safi, endelea na vipimo vingine. Likizungukwa na wingu kama maziwa lisilotulia, udongo huo huyeyuka ndani ya maji na utaliwa na mvujo wa kwanza. Usiuweke kwenye tuta hata ukipewa bure, mpaka mhandisi aseme utatibiwaje.

Kabla ya tuta kuna msingi. Nyasi, mizizi na udongo wa juu viondolewe sentimita 15 hadi 30, kisha uchimbwe mtaro katikati ya urefu wote wa tuta, upana usiopungua mita 2 ili rola iingie, ushuke mpaka udongo mgumu usiopitisha maji. Hapa ndipo mkato wa kwanza hutokea: mtaro unachimbwa mchana, mchanga unaonekana bado, jioni unafukiwa.

Kushindilia ni tabaka la sentimita 20 kwa wakati, lenye unyevu, rola yenye meno ipite mara sita hadi nane. Tingatinga peke yake halishindilii. Ni zito, ndiyo, lakini minyororo inatandaza uzito wake, na ndiyo maana halizami kwenye tope. Unyevu pima kwa mkono: finyanga tonge, liachie kutoka usawa wa bega. Likigawanyika vipande vichache, udongo uko sawa. Likisagika vumbi, ita boza. Likibandika chini kama chapati, ngoja likauke. Tuta lote lipandishwe asilimia 5 hadi 10 juu ya kimo kilichochorwa, maana litakaa chini lenyewe.

Sasa bomba. Malambo madogo hayafi kwa maji kupita juu pekee, mengine hufa kwa maji kufuata mgongo wa bomba kimyakimya. Rola haifiki ubavuni mwa bomba, kwa hivyo pale lazima vijana washindilie kwa mkono, tabaka jembamba kwa jembamba, na theluthi ya nyuma ya bomba izungushiwe mchanga safi wa kuchuja unaotoa mvujo bila kubeba udongo. Mdomo wa ndani uwe na kichanja cha nondo. Mifuko ya plastiki na makuti vikiziba bomba, lambo lililojengwa kuzuia mafuriko linageuka bakuli lililojaa. Mafuriko ya Aprili 2024 kule Mai Mahiu yalipotokea, wengi walidhani bwawa limepasuka; ikaelezwa kwamba ni kalvati chini ya reli iliyoziba, maji yakajikusanya nyuma ya tuta la reli.

Njia ya maji ya ziada ndiyo inayotunyima usingizi. Makandarasi wengi huikata upana wa ndoo ya ekskaveta, basi. Hesabu ya kawaida: bonde linalokusanya maji ya hekta 50, mvua ya milimita 50 kwa saa, na asilimia 40 ya maji hayo ikitiririka, huleta karibu mita za ujazo 2.8 kwa sekunde. Kupitisha hayo kwa kina cha nusu mita unahitaji upana wa mita 5 hivi. Ukitaka yapite kwa kina cha sentimita 30, ili nyasi zisichimbike, ni mita 10. Ikatwe kwenye ardhi ya asili pembeni, isipite juu ya tuta wala kwenye udongo uliojazwa, na toka usawa wa maji yakiwa yanapita humo hadi juu ya tuta ibaki mita moja.

Jambo la kuamua kabla ya kulipa chochote: mnataka kuzuia mafuriko au kuweka maji ya ng'ombe? Lambo la mafuriko linafaa likiwa tupu. Mvua hiyohiyo ikinyesha saa moja inaleta mita za ujazo 10,000. Bomba la milimita 300 lenye mita 2 za maji juu yake litayamaliza ndani ya siku moja, mradi liko wazi. Lakini kaskazi likikauka, mtu atalifunga na hataliachia tena. Suluhisho ni kuinua mdomo wa bomba, chini yake yabaki maji ya mifugo na juu yake nafasi ya mafuriko, bila vali ya kuchezewa. Kwa mabonde yanayoishia kwenye hori za Tudor au Port Reitz kuna faida ya ziada: bahari ikiwa bamvua maji hupanda zaidi ya mita 3, mitaro ya chini hushindwa kutoa, na lambo likichelewesha mkondo saa sita linaupa nafasi ya kushuka na maji kupwa. Kisiwani kwenyewe, ambako shida ni mitaro iliyojaa taka, msipoteze pesa kwa lambo.

Vibali: Mamlaka ya Rasilimali za Maji na NEMA, mamlaka ya mazingira. Kwa kanuni za 2007, kina chini ya mita 5 na ujazo chini ya mita za ujazo 100,000 vilikuwa daraja A, la hatari ndogo. Kandarasi anayesema "hili dogo, halina haja ya karatasi" aachwe. Bwawa la Patel, Solai kule Nakuru, lilikuwa la udongo kwenye shamba la mtu. Mei 2018 lilipasuka na kuua zaidi ya watu 40.

Tuta lipandwe ukoka mara moja, mbuzi wasipitishwe, na mwarobaini unaojiotea ung'olewe ukiwa mdogo, kwa sababu mzizi ukioza huacha bomba la bure. Vichuguu vya mchwa vichimbuliwe hadi chini na kushindiliwa upya.

Zuieni asilimia 10 ya malipo mpaka masika moja na vuli moja zipite. Maji yakichuruzika nyuma ya tuta yakiwa safi, weka alama na upime kila siku kwa ndoo na saa. Yakigeuka rangi ya udongo, tuta linaliwa kutoka ndani: hamisha watu wa chini kwanza, fungua kila tundu la kutolea maji, halafu ndipo umpigie kandarasi.