Uzoefu wangu na viungo vizima vya kuagiza Darajani: pilau, pweza wa nazi na mengineyo

Niseme mapema hili siyo tangazo, hela nimetoa mfukoni mwangu na huyo mama aliyeniuzia wala hajui kama naandika. Mimi napika nyumbani tu hapa Dar, sina mgahawa wala siuzi chakula, ila napenda chakula chenye ladha kali, kile ambacho jirani akipita kibarazani anajua kabisa leo kwa fulani kuna kitu jikoni. Sasa kwa muda mrefu nilikuwa natumia pilau masala ya kwenye pakiti, ya dukani, ipo tu kila mahali na ni rahisi, mpaka nikafungua pakiti mpya nikainusa nikakuta haina harufu kabisa, yani unga wa kahawia basi, tarehe ya mwisho bado iko mbali lakini ndani kimeshakufa kila kitu. Unaongeza kijiko, unaongeza kingine, pilau inapata rangi na ladha hamna.

Shoga yangu mmoja wa Unguja akanipa namba ya mama anayeuza viungo pale Darajani, na nadhani kila aliyewahi kufika Mjini Zanzibar analijua hilo soko, lipo toka 1904. Nikamtumia mesej watsapu, nikamwandikia nataka karafuu, iliki, mdalasini, pilipili manga, uzile (ile bizari nyembamba ya pilau), kungumanga na donge la ukwaju, vyote vizima, hakuna kilichosagwa. Kitu cha kwanza kilichonifurahisha ni kwamba hakukimbilia kunitajia bei, aliuliza kwanza, "mwanangu unapikia watu wangapi, na unapika nini zaidi?" Nikamjibu watu sita, pilau, mchuzi wa nazi, chai ya viungo. Akaniambia basi karafuu chukua kidogo tu, haimalizwi upesi, na ukiitia nyingi itakughasi mdomoni, bora uongeze uzile. Muuzaji anayekupunguzia oda mwenyewe, jamani, wangapi mmeshakutana naye?

Mzigo ulikuja kwa boti nikaupokea bandarini jioni, na kabla hata sijafungua boksi harufu ilishajaa kwenye bajaji mpaka dereva akauliza mama umebeba nini humo.

Nianze na karafuu maana ndo iliyonifanya niandike. Alisema ni ya Pemba, na karafuu nyingi ya Zanzibar ndo inatoka huko, kile kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi sana ya Unguja, Pemba ikapona kwa sehemu kubwa na mpaka leo Pemba ndo wenye karafuu. Kuna vipimo viwili ambavyo mtu yeyote anaweza kufanya nyumbani. Kwanza bonyeza kikonyo chake kwa ukucha, nzuri inatoa mafuta unayaona kabisa. Pili tia chache kwenye glasi ya maji, ile yenye mafuta yake inazama au inasimama wima na kichwa juu, iliyokauka mafuta inaelea imelala. Hii ya Darajani ikasimama, nikachukua na ile iliyobaki kwenye kikopo changu cha zamani niliyonunua dukani nikaitia glasi ya pili, yote ikalala juu ya maji. Karafuu ni ua ambalo halijafunguka, linachumwa likiwa bado limefumba kisha linaanikwa juani, na uzuri wake wote uko kwenye yale mafuta, ndo yanayotia ganzi ulimini na ndo maana wazee wetu wanabana karafuu kwenye jino linalouma. Mafuta yakishaondoka umebaki na kijiti.

Iliki ilikuja ya kijani na maganda yamefunga, ukipasua ndani mbegu ni nyeusi na zinanata kidogo kwenye vidole, hiyo ndo dalili ya iliki ambayo haijakaa sana. Hii alisema imetoka bara, Tanga upande wa Amani, kwa hiyo imevuka bahari kwenda Zanzibar na ikavuka tena kurudi kwangu, sawa tu, kilichonivutia ni kwamba nilipomuuliza alisema ukweli wala hakunidanganya kuwa kila kitu ni cha Zanzibar. Uzile naye akasema wazi unatoka India, na kweli sisi hapa tunautumia kila Ijumaa lakini kuulima hatuulimi sana. Mdalasini ni magome mazito yenye ganda la nje, siyo vile vijiti vilivyokunjwa vizuri vya kwenye picha, na harufu yake ni tamu, ukivunja kipande unatamani kukitafuna. Pilipili manga iko vizuri, sina la kuongeza. Kungumanga moja nakwangua kwa greta ya karoti ule upande wa matundu madogo, kidogo sana, kwenye chai au kwenye biriani, inatosha muda mrefu mno.

Sasa viungo vizima vinahitaji kusagwa na hapa niseme kuhusu mashine. Nina kinu na mchi wa mbao na nina kile kimashine kidogo cha umeme cha kusagia kahawa na viungo, cha visu viwili, hizi zinauzwa Kariakoo za aina nyingi tu. Nimetumia vyote na kwa matumizi ya nyumbani naona kimashine kinafaa ila kina masharti yake. Mdalasini usiutie gome zima, uponde kwanza kwenye kinu upate vipande vidogo la sivyo visu vinagonga tu. Usibonyeze mfululizo, bonyeza achia bonyeza achia, maana chombo kikipata moto harufu inapotea humohumo kabla hujaonja. Na mfuniko wa plastiki wa kwangu umeshaingia ukungu kwa ajili ya mafuta ya karafuu na hautoki hata uoshe vipi, kwa hiyo hicho kimashine msidhani mtakuja kukirudishia kwenye kahawa. Kusafisha nasaga mchele mkavu kiganja kimoja, unabeba unga uliobaki na harufu, unamwaga unafuta. Kwenye thomu na tangawizi lakini sitoki kwenye kinu, blenda inataka maji na maji yanafanya thomu ichemke kwenye mafuta badala ya kukaangika, ladha zake ni tofauti kabisa.

Mchanganyiko wangu wa pilau ni huu, uzile vijiko vinne vya chakula, pilipili manga kimoja, iliki kimoja kasoro, karafuu kijiko cha chai, na mdalasini kipande cha urefu wa kidole. Navikaanga vikavu bila mafuta kwa moto mdogo mpaka uzile ubadilike rangi kidogo na uanze kunukia, naacha vipoe ndo nasaga. Nasaga vya pilau moja au mbili tu, sisagi vya mwezi, maana kiungo kizima kimefungiwa harufu yake ndani na ukishakisaga inaanza kuondoka saa hiyohiyo, na ndo tatizo la zile pakiti, huwezi kujua zilisagwa lini. Rangi ya pilau usiitafute kwenye viungo, inatoka kwenye vitunguu, uvikaange mpaka viwe kahawia iliyokolea ukaribie kuogopa, ndo utie thomu na tangawizi, kisha viungo, nyama na supu yake, mchele mwisho. Nyanya mimi sitii, najua kuna watu wanatia na wanakula vizuri tu, ila nyanya inakuja na uchachu na uzile haupendi ushindani.

Pilau ya kwanza ya hivi viungo niliipika mama mkwe akiwepo, yeye kwao ni Tanga na amepikia shughuli toka msichana, siyo mtu wa kusifia sufuria ya mwenzake. Alikula kimya, akaongeza, akasema "leo mama umepika." Kwa wasiomjua hilo ni neno kubwa sana.

Ila kilichonipa raha kuliko vyote ni mchuzi wa pweza wa nazi. Pweza unampata soko la samaki la Feri asubuhi, na kama hukupata muda wa kumponda basi mlaze kwenye friza usiku mmoja, barafu inamlainisha. Namchemsha kwa maji yake mwenyewe bila kuongeza kitu, anatoa maji mengi yamekolea rangi, chumvi sitii mwanzoni. Pembeni nakaanga kitunguu, thomu, tangawizi, manjano kidogo, uzile na pilipili manga vilivyosagwa saa ileile, natia tui jepesi na pweza aliyekatwakatwa, likichemka ukwaju ulioloweka na kuchujwa, mwisho kabisa tui zito na moto unapunguza, unakoroga usije ukakatika. Na pilipili mbuzi nzima inakaa juu isipasuke. Hapa wengi wanakosa uhondo, wanakata pilipili mbuzi wanaitupia humo alafu chakula hakiliki, wakati ikiwa nzima inatoa ile harufu yake ya matunda bila kumuunguza mtu, na anayetaka moto anaipasua kwenye sahani yake mwenyewe. Ukali wa pilipili unayeyuka kwenye mafuta, kwenye maji hauyeyuki, ndo maana ukiunguzwa mdomo ukanywa maji hupati nafuu, tui la nazi ndo linaupoza. Na ule ukali mwingi uko kwenye utando mweupe wa ndani unaoshikilia mbegu, ukitaka kupunguza toa huo.

Huo ukwaju sasa. Ulikuja donge jeusi linanata, na mbegu zake, uchachu wake una utamu kwa nyuma, hauna ile ndimu inayokuchoma koo. Nimeutumia kwenye pweza, kwenye samaki wa kupaka, nimeusaga na pilipili kichaa, thomu, chumvi na sukari kidogo nikapata pilipili ya kula na mihogo ya kukaanga ambayo watoto wa jirani wanakuja kuiulizia kwa jina. Kama mtu ananiambia achague kitu kimoja tu kwenye oda yangu nadhani ningemwambia karafuu, alafu baada ya nukta mbili ningebadilisha niseme ukwaju.

Chai ya viungo sitaielezea sana, iliki iliyopondwa na ganda lake, tangawizi, kipande cha mdalasini, pilipili manga punje chache, karafuu moja tu jamani moja, majani mwisho. Nyumba nzima inaamka.

Nije kwenye ambayo sikuyapenda maana hayakosekani. Mifuko ilikuja haina lebo hata moja, kwangu siyo shida navijua kwa macho na pua, lakini mtu anayeanza kupika atapata tabu. Uzile ulikuwa na vijiti na vijiwe vidogo, ilibidi nipepete na kuchambua kwenye ungo kabla ya kukaanga, msiruke hiyo hatua, kijiwe kimoja kwenye pilau kinaharibu shughuli. Mfuko mmoja wa pilipili manga ulikuja umeingia unyevu kidogo, nadhani ni njiani, nilimpigia picha nikamtumia akanijibu "niwie radhi mwanangu" na mzigo uliofuata akaniwekea mwingine bila kuchaji, hapo akanimaliza kabisa. Na iliki ni ghali, hilo hakuna wa kumlaumu, duniani kote iliki iko kwenye kundi la zafarani na vanila kwa bei, ila kama bajeti imebana nunua kidogo na usiifanye ya kila siku. Ukijumlisha hela yote niliyotoa mara moja ni kubwa kuliko pakiti, lakini natumia kiasi kidogo sana kwa sufuria na bado vipo, kwa hiyo mimi sijaona hasara.

Kuhifadhi, hapa Dar na hili joto na unyevu wetu, tia kwenye chupa za kioo zenye mfuniko unaobana, weka kabatini mbali na jiko. Msiweke juu ya jiko kwa ajili ya urembo, mwanga unaichubua iliki rangi na mvuke wa masufuria unaingia kila ukifungua.

Kwa kifupi nyota nne kati ya tano, hiyo moja nimeikata kwa ajili ya mifuko isiyo na lebo na ule uzile wenye mawe, kwenye harufu na ladha ningempa zote. Oda ijayo naongeza basibasi, lile ganda jekundu linalozunguka kungumanga, nataka niijaribu kwenye biriani ya mbuzi, na nimeshamwambia aniwekee gilgilani ya punje nayo maana ile ya unga nimeikatia tamaa. Kwa mtakaouliza, mikoani anatuma kwa kupitia Dar, mzigo unashuka na boti alafu mtu wake anaupeleka stendi ya basi, nauli ya basi unalipa mwenyewe, na muombe aviandike majina kwa kalamu kabla hajafunga, ukimwambia anaandika.