Maka yangu ya kwanza ni ya mtumba: Tippmann 98 Custom

Nacheza paintball, mchezo wa kuwindana kwa vidonge vya rangi, na bunduki yake inaitwa maka (marker, yaani kitia alama). Mwanzoni nilidhani "maka" ni jina la kuificha bunduki isionekane bunduki. Kumbe mashine za kwanza zilikuwa za kutia alama miti na ng'ombe. Mwaka 1981 watu 12 wakaingia nazo msituni Henniker, New Hampshire, wakawindana, na aliyeshinda hakufyatua hata mara moja. Huyo ndiye ninayemfuata mimi, maana mbio sina.

Niko Columbus, Ohio, nafanya kazi ghalani zamu ya usiku. Vijana wa kazini walinikokota kiwanjani Jumamosi moja, nikanogewa. Baada ya kukodi vifaa mara tatu nikaona naliwa hela, bora ninunue changu. Dukani nikaonyeshwa za betri: nyepesi, tamu mkononi, zinamwaga goroli kama mvua (vile vidonge vya rangi naviita goroli, mtu wa Tanga mimi). Sawa, lakini goroli zinanunuliwa. Mchezaji mpya mwenye maka ya kasi anamaliza boksi kabla ya saa sita mchana, na hajampata mtu.

Nikachukua Tippmann 98 Custom kwa mwenzangu wa kazini, dola 60, yeye akahamia kwenye ya betri. Hii haina umeme wowote. Ukivuta kifyatulio, nyundo inaachiwa inagonga vali. Hewa nyingine inasukuma goroli mbele, nyingine inairudisha nyundo nyuma ikae tayari. Basi. Inafanya kazi kwa hewa iliyoshindiliwa au kwa gesi ya kaboni dioksidi. Mimi natumia hewa, kwa sababu gesi hiyo, baridi ya Novemba ikiingia, inalegea, goroli zinadondoka njiani kama zimechoka.

Kabla ya mchezo refa anapima mwendo wa goroli zako. Kwetu mwisho ni futi 280 kwa sekunde. Yangu siku ya kwanza ilisoma 301. Kuna skrubu ndogo ubavuni, unaizungusha kwa alenki. Ifikirie kama bomba la maji: ukifunga, mwendo unashuka. Robo mzunguko, nikapima, robo tena, 274. Refa akaniruhusu.

Kasoro zake zipo. Nzito, mchana ukifika bega linakukumbusha. Ina kelele, ukifyatua mara moja kila mtu anajua umejificha wapi. Na siku utakayoifungua, tandika taulo kwanza. Mwili wake ni vipande viwili vilivyofungwa kwa skrubu. Mimi nilivitenganisha juu ya zulia, springi ikaruka, nikaitafuta kwa tochi ya simu dakika arobaini huku wanangu wakinicheka. Tangu hapo sijaifungua ovyo. Natia matone machache ya mafuta yake pale mtungi wa hewa unapoingia, nafyatua mara kadhaa bila goroli, inatosha.

Goroli kupasukia ndani ya mtutu nililaumu maka, kumbe kosa langu. Niliziacha kwenye buti la gari wiki nzima ya Julai. Ganda lake ni jelatini, joto na unyevu vinaliharibu. Zilivimba, nyingine zikawa na umbo la maharage.

Mtungi usinunue bila kusoma tarehe iliyogongwa shingoni. Wangu ni wa alumini, na lazima upimwe kila miaka 5; ukipitiliza hawakujazii, umebaki na chuma cha kushikilia mlango.

Barakoa ndiyo mtumba nisiougusa. Ile niliyokodi ilijaa ukungu nikawa sioni hata mti niliojificha nyuma yake, na kuivua uwanjani ni mwiko: goroli moja, jicho limekwenda. Nimenunua mpya yenye kioo cha tabaka mbili, na nimeilipia zaidi ya maka yenyewe. Mke wangu alishangaa. Mimi sikushangaa.

Jumamosi iliyopita yule aliyeniuzia akaishiwa betri saa nne asubuhi. Akaja kuiazima kwangu 98 yake ya zamani. Nikamwambia kukodi ni dola 10, na soksi ya mtutu, ile ya kuziba mdomo wa maka kwa usalama, airudishe.