Wasaidizi wa kisheria wa ardhi huku Mbarali, nyota nne, ya tano nimeibana

Niseme mapema mi ni mtoto wa mfugaji, Mbarbaig, kwa hiyo sio shabiki wa ofisi za ardhi. Wazee wetu ndo kabisaa. 2006 na 2007 wafugaji walitolewa bonde la Usangu, hukuhuku Mbarali, na ng'ombe wao, wengine wakaishia Lindi na Pwani, halafu 2008 likaja Tangazo la Serikali namba 28 Hifadhi ya Ruaha ikapanuliwa mpaka ikaingia kwenye ardhi ya vijiji. Sasa mzee wa hivyo umwambie twende ofisini tukaulizie hati, atakuuliza tunahamishwa lini.

Ila hawa jamaa wako vizuri aisee. Kwanza ni bure kweli, ndivyo sheria ya 2017 ya msaada wa kisheria inavyotaka, sio bure ya kuombwa soda mlangoni. Dada aliyetupokea akawaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, akawakalisha, hajagusa hata karatasi kaanza kuuliza ng'ombe wanakunywa wapi kiangazi, nani wengine wanapitisha mifugo hapo, ndo akaja kwenye sheria. Kumbe hati ya kimila kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya 1999 ina nguvu sawa na ile ya mjini, na inaweza kutolewa kwa familia au kikundi, yaani malisho tukayaandikisha kwa pamoja badala ya kila mwenyekiti mpya wa kijiji kuja na mgeni wake wa kulima mpunga. Akaongeza mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi ni batili kisheria, hapo mzee mmoja akaanza kukohoa mama zetu wakacheka chinichini.

Kilichonifurahisha zaidi ni ishu ya mpaka na jirani yetu mkulima. Tulishajipanga kwenda kushtaki baraza la kata, wakatuambia tangu 2021 kata haihukumu tena, inasuluhisha tu, siku 30 zikipita bila muafaka ndo unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Vishoka wa huku wangekula hela yetu kwa kesi ambayo kata haiwezi hata kuiamua.

Nyota ya tano sasa. Msaidizi wa kisheria hasimami mahakamani kukutetea, kisheria haruhusiwi, kwa hiyo kesi ikikomaa unatafuta wakili na hapo bure inaweza kuisha. Hiyo siwalaumu. Ninachowalaumu ni kwamba hawana mtu hata mmoja anayejua Kidatoga, lugha yetu, bibi yangu kaongea kupitia mimi mwanzo mwisho na kuna mambo bibi hawezi kumwambia mjukuu wa kiume, jamani. Pia kutoa kopi ni kwa hela yako steshenari.

Halafu kama kijiji chenu mipaka yake na hifadhi bado ina utata msiende mkitegemea hati kesho, kijiji kwanza kiwe na cheti chake cha ardhi na mpango wa matumizi bora ya ardhi. Walitueleza wazi bila kutupamba.

Mkienda nendeni kikundi, na akina mama wawepo, mbebe muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji wenye mhuri, sio daftari la mwenyekiti. Siku ya mnada msijisumbue, foleni inafika barabarani.