Dawa za mitishamba za Kichina na Kijapani kwa ngozi inayowasha: ipi inunuliwe kwanza

Kabla ya kutoa pesa, itazame ngozi yenyewe: imekauka na kupasuka, au inavuja majimaji? Orodha hii imepangwa kwa swali hilo, kwani dawa nzuri ikipakwa pasipo pake huzidisha muwasho.

Ya kwanza ni shiunko, marhamu ya Kijapani kwa visigino na vidole vilivyopasuka. Tabibu Hanaoka Seishu (1760–1835) aliitoa kwenye marhamu ya Kichina akaongeza mafuta ya nguruwe kidogo. Mizizi ya mimea miwili ya dawa, shikon (yenye rangi ya zambarau) na toki, hupikwa katika mafuta ya ufuta, kisha nta ya nyuki huigandisha. Muislamu asome boksi: herufi 豚脂 ndiyo hayo mafuta ya nguruwe. Rangi iwe zambarau iliyokolea wekundu. Ikiwa kahawia, moto ulizidi jikoni. Jaribu kwanza tone dogo mkononi, ungoje siku nzima. Paka usiku na uvae soksi kuukuu, maana doa lake halitoki kwenye shuka. Isipakwe kwenye usaha wala ngozi inayovuja, na mwenye mzio wa ufuta asiiguse.

Kwa ngozi inayovuja, nunua huangbai (黄柏), magome makavu ya mti. Chagua vipande vya manjano kali, vichungu ulimini. Chemsha gramu 30 katika lita 1 ya maji kwa dakika 20, chuja, acha yapoe kabisa. Lowesha kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne, kamua kidogo, weka dakika 15, mara mbili au tatu kwa siku. Wengi huharibu hapa: huiweka ingali moto, na joto huamsha muwasho upya. Maji yasilale, kesho chemsha mengine. Taulo jeupe liweke mbali, maana maji haya hutia doa la manjano.

Vipele vya joto vinatulizwa na losheni ya Kijapani ya majani ya mpichi. Ni nyepesi, haina makuu.

Mkiani ni krimu ya “mitishamba tupu” inayomaliza kila ugonjwa kwa siku mbili. Mwaka 1999 madaktari wa London walipima krimu 11 za mitishamba ya Kichina. 8 zilikuwa na deksamethasoni, steroidi kali ya hospitali. Ngozi hukonda, na ukiacha kupaka, upele hurudi mkali zaidi. Kwenye boksi la China, 国药准字Z na tarakimu nane ni dawa ya jadi iliyosajiliwa. Ikiwa H, ni dawa ya kemikali, soma viambato. 消字 ni kibali cha kuua vijidudu tu. Krimu ya namna hiyo ikidai kutibu ukurutu wa mtoto, irudishe rafuni.