Kahawa ya Moshi: Fedha Ziende Kwenye Tangazo au Kwenye Buni?

Mfanyabiashara wa Moshi anayetaka kuuza kahawa iliyokaangwa kwa mtaji mdogo hulazimika kuchagua: fedha aziweke kwenye pakiti yenye picha ya Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, na matangazo ya mtandaoni, au kwenye buni bora, zilizochumwa zikiwa nyekundu, zikachambuliwa na kukaangwa karibuni.

Ni lazima kukiri kwamba njia ya kwanza huleta mauzo, hasa kwa mgeni aliyeshuka mlimani, ambaye hununua pakiti moja, huifungua akiwa kwao Ulaya, na hata akigundua kuwa kahawa imepoteza harufu, hawezi kurudi kulalamika. Biashara ya namna hiyo huishi kwa kutafuta wanunuzi wapya kila msimu, na gharama ya kuwatafuta haipungui.

Njia ya pili ni ya polepole, lakini mwenye mkahawa wa Arusha anayenunua kila wiki huonja, hulinganisha, na akiridhika hurudi bila kuitwa. Vivyo hivyo, katika mnada wa kahawa, wanunuzi huonja sampuli kabla ya kutoa bei, hivyo maneno matamu hayana nafasi. Wazee husema kizuri chajiuza. Nakubali nusu tu, kwani kahawa nzuri isiyojulikana nayo hulala rafuni.

Kwa hiyo ningeanza na buni, kisha tangazo la kweli. Pakiti inayodanganya huchafua pia jina la Kilimanjaro, ambalo ni mali ya wakulima wote wa mlimani.