Mashine ya gemu za zamani inayouzwa Ngamiani: inunue, kadi waachie

Duka moja la vifaa vya simu Ngamiani, jijini Tanga, linauza mashine ndogo ya mkononi inayocheza gemu za Nintendo, Sega na PlayStation ya kwanza. Kioo chake kinaonekana vizuri hata ukikaa barazani mchana, vitufe havikwami, na chaji inadumu. Spika tu ndiyo inayokoroma sauti ikipandishwa.

Ndani yake mna emuleta, yaani programu inayoiga utendaji wa mashine ya zamani, na programu ya namna hiyo peke yake si haramu. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa nchini Marekani ilikataa hoja za Sony dhidi ya Connectix, kampuni iliyotengeneza programu ya kuchezea gemu za PlayStation kwenye kompyuta, ikaamua kwamba kunakili programu ya ndani ya PlayStation ili kuchunguza inavyofanya kazi kulikuwa matumizi halali.

Tatizo ni kadi ya memori iliyochomekwa ubavuni, ambayo muuzaji huisifia kuliko mashine yenyewe. Imejaa maelfu ya gemu, nyingine zikijirudia kwa majina tofauti, na ukifungua Super Mario Bros. unakuta maandishi ya hakimiliki ya Nintendo ya mwaka 1985 yakiwa palepale chini ya jina la gemu. Aliyenakili hakujisumbua hata kuyafuta. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta, kwa hiyo kuuza nakala hizo bila idhini ni kosa, hata kama thamani yake imefichwa ndani ya bei ya mashine.

Wapo wanaojitetea kwamba gemu za zamani hazipatikani tena, na kweli utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa asilimia 87 ya gemu kongwe zilizotolewa Marekani haziuzwi tena. Kwa mhifadhi wa kumbukumbu hoja hiyo ina uzito mkubwa. Kwa duka hili haina, maana gemu linazozitangaza ni zilezile ambazo Nintendo bado inazitoa kwa wanaolipia huduma yake.

Nilipoomba mashine bila kadi, muuzaji alishangaa, kisha akapunguza bei. Mnunuzi mwingine naye aombe hivyo, apate kadi tupu, halafu apakue gemu mpya za mashine za zamani ambazo watunzi wenyewe huzigawa bure. Mashine hii inazicheza bila shida.